Kibuyu cha Ukurasa wa Mwisho

Nilipokuwa darasa la sita, siku zangu zote zilifanana. Natoka shule saa tisa, nafika nyumbani Chang'ombe, Dodoma, nakula, naosha vyombo, kisha namsaidia mama kushona midomo ya magunia ya alizeti ambayo baba huyaleta kutoka Kondoa. Saa kumi kamili navuka barabara ya vumbi, naingia kwenye geti la bluu la jirani yetu, Mwalimu Gaudence, kumsomea kitabu.

Mwalimu Gaudence alikuwa kipofu. Trakoma ilimharibu macho akiwa na miaka sita, alipokuwa akichunga mbuzi kijijini kwao. Alipelekwa shule ya wasioona Buigiri, akasoma, akawa mwalimu wa Kiswahili mpaka akastaafu. Hakuwa mtu mpole, nisiwadanganye. Ukichelewa dakika tano tu, anakuuliza kama saa ya kwenu imekufa. Hata hivyo baba yangu alimheshimu sana, na Mwalimu alipomwomba msomaji, baba alinitaja mimi kabla hajamaliza kuombwa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mjukuu wake, Miriam, alikuwa kidato cha pili katika shule moja ya bweni, naye haoni tangu azaliwe. Katika somo la fasihi walitakiwa kusoma riwaya moja ya zamani. Wenzake wanaoona walikuwa nayo. Ya nukta nundu, yale maandishi ya vidoti vilivyoinuka ambayo wasioona huyasoma kwa vidole, haikupatikana popote. Mtihani ulikuwa mwezi wa kumi na moja, na anayefeli mtihani ule hurudia mwaka mzima.

"Basi nitamwandikia mimi," alisema Mwalimu. "Mikono ninayo. Ninachokosa ni macho ya kuazima. Wewe soma, mimi nitapiga."

Alikuwa na mashine ya chuma yenye vibonye vichache, nzito, ya tangu enzi za ualimu wake. Mimi nikisoma sentensi, yeye anapiga kwenye karatasi ngumu, na kengele ndogo inalia mstari ukikaribia kwisha. Kitabu chenyewe kilikuwa kizee. Jalada lilishatoka, kurasa zimekuwa za njano. Kilikuwa na sura kumi na nane, na tulikubaliana kwamba kila siku tutamaliza sura moja, ndipo niondoke.

Sura nne za kwanza nilizisoma vizuri. Hadithi ilimhusu mjane mmoja na mwanawe wa pekee, kijana jeuri aliyeondoka nyumbani bila kuaga. Tatizo lilikuwa Brightness, rafiki yangu wa nyumba ya tatu. Kwao kulikuwa na televisheni kubwa, na saa kumi na moja ilikuwa ikianza tamthilia ambayo darasa zima tuliizungumzia. Kila siku nilifika imeshafika katikati, na kesho yake shuleni wananisimulia kama mgeni.

Siku moja, katika sura ya tano, nilikutana na aya ndefu. Hakuna aliyesema kitu ndani yake, hakuna aliyekwenda popote. Ilieleza tu jua la jioni, ukuta, moshi wa jikoni, na kibuyu cha maziwa kilichoning'inia kwenye kigingi kando ya mlango. Nilitazama saa. Nikajiambia moyoni, na leo ninaona haya kuliandika, "Kipofu atafaidi nini na rangi ya jua?" Nikairuka.

Mwalimu hakugutuka. Kesho yake nikaruka mbili. Baadaye nikawa bingwa: nikiona aya inaanza na mawingu, au na kile kibuyu, jicho langu linaipita na ulimi unaendelea na maneno ya watu kana kwamba hakuna kilichokuwapo katikati. Tukawa tunamaliza mapema, nami nafika kwa Brightness tamthilia ikianza.

Siku ya sura ya tisa Mwalimu aliondoa vidole kwenye mashine.

"Naima, mbona mwandishi huyu anakimbia hivi? Watu wanaingia na kutoka, lakini sijui wamesimama wapi."

"Ndivyo kilivyoandikwa, Mwalimu," nikasema.

"Haya. Waandishi nao wana mambo yao," alisema, akaendelea kupiga.

Tulifika sura ya mwisho katikati ya mwezi wa sita. Sura hiyo niliisoma yote, maana ilikuwa fupi. Yule kijana anarudi nyumbani baada ya miaka mingi na kukuta mama yake ameshazikwa. Kitabu kinamalizika hivi: "Akaangua kibuyu ukutani. Akakigeuza mikononi, akapapasa mishono yake mmoja baada ya mwingine. Akakitia maji. Hakikuvuja hata tone. Ndipo alipokaa chini akalia."

Mwalimu aliacha kupiga. "Kibuyu gani hicho?"

"Hata mimi sijui, Mwalimu," nilisema.

Alikunja uso, akaguna. Kisha alipiga mstari mmoja zaidi ambao sikuusoma mimi, akanieleza alichoandika: "Kimesomwa kwa sauti na Naima Abbasi, darasa la sita." Alitabasamu, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Vidole vitakavyokisoma kitabu hiki vitakujua jina," aliniambia. Nilishukuru na kutoka haraka.

Miriam alikuja likizo, akakichukua. Kilikuwa majuzuu matatu manene, maana nukta nundu hula karatasi nyingi. Mwezi wa saba akarudi shule, nami nikasahau. Kweli nilisahau, na hilo nalo ni kosa.

Mwezi wa tisa Dodoma ni upepo na vumbi. Ijumaa moja ya likizo fupi mama alinituma kwa Mwalimu na bakuli la mlenda, maana Miriam alikuwa amefika na anaupenda. Nilibisha hodi, hawakusikia kwa sababu ya upepo. Nikasukuma mlango, na pale sebuleni nikasikia Miriam analia.

"Mwalimu wetu aliniuliza mbele ya darasa, Babu. 'Miriam, kibuyu katika riwaya hii ni ishara ya nini?' Nikasema kibuyu kipo ukurasa wa mwisho tu, tena kimeingia ghafla. Darasa zima likacheka! Mwenzangu mmoja akasema kibuyu kipo karibu kila sura. Nikabisha. Nikawaambia kitabu changu kimeandikwa na babu yangu, na babu yangu haruki kitu. Wakacheka zaidi. Katika zoezi nimepata alama sita kwa ishirini."

Nilisimama na bakuli langu.

Mwalimu Gaudence aliposema, sauti yake haikuwa ile niliyoizoea.

"Siku ile hata mimi niliuliza, kibuyu gani," alisema. "Kumbe mtoto wa watu alishanisomea, mimi nikasinzia. Nimezeeka, Miriam. Wiki iliyopita nilisahau chungu motoni, mama yako akaniambia ni uchovu. Si uchovu. Kichwa kimeanza kuondoka." Alipapasa mashine yake iliyokuwa mezani, akaifunika kwa kitambaa. "Ukirudi shule nenda na mashine hii. Wape watu wenye akili timamu. Mimi kazi hii basi."

"Babu, usiseme hivyo."

"Nimeharibu masomo yako, mama. Nisemeje?"

Niliweka bakuli kwenye kizingiti taratibu, nikatoka. Ningeweza kusema pale pale, mdomo ninao, lakini niliogopa.

Nyumbani nilikitoa kile kitabu kikuukuu, maana Mwalimu aliniachia nikitunze, nikakaa ukumbini na kuanza kusoma mahali nilipokuwa nikiruka. Kibuyu kilikuwapo tangu ile sura ya tano, cheusi kwa moshi, kinanukia maziwa. Siku kijana alipoondoka, kilianguka kikapasuka, na mama yake akakishona na kukirudisha kwenye kigingi. Mwaka uliofuata kilipasuka tena, akakishona tena. Watu wa kijijini wakamcheka. Niliyasoma yote hayo, lakini bado sikuelewa.

"Mama," nilimwita. Alikuwa anashona gunia kwa shazia, ile sindano kubwa iliyopinda. "Kwa nini mtu ashone kibuyu? Si alime kingine?"

Mama alicheka kidogo. "Ndiyo. Vibuyu huota hata jalalani. Kikipasuka watu hutupa." Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kibuyu kidogo cheusi ambacho nilikiona kila siku juu ya kabati bila kukitazama. Kilikuwa na mshono mrefu wa katani ubavuni. "Hiki alinipa bibi yako siku naolewa, nikitoka Kondoa. Kilipasuka wewe ukiwa mchanga. Nikakishona. Mtu hashoni kibuyu kwa sababu ya kibuyu, Naima. Anashona kwa sababu ya aliyempa, au anayemsubiri aje anywee."

Niliushika ule mshono kwa kidole. Ghafla nikauona ule mlango wa kitabuni, na yule mjane akishona mwaka baada ya mwaka kwa ajili ya mtoto asiyeandika hata barua. Hakuwahi kusema kwamba amemsamehe. Hakuna mahali popote kitabuni aliposema. Kibuyu ndicho kilichosema, na mimi nilikuwa nimekinyamazisha.

Nililia, nikamweleza mama kila kitu. Mama hakunigombeza. Alinitazama tu, na afadhali angenigombeza.

"Yule mzee anajiona amepungukiwa akili kwa sababu yako," alisema. "Mimi siwezi kwenda kukusemea. Utakwenda mwenyewe kesho asubuhi, na utasema yote, hata lile lililo baya kuliko yote."

Kesho yake nilimkuta Mwalimu kibarazani na Miriam kando yake.

"Shikamoo, Mwalimu. Shikamoo, dada Miriam."

"Marahaba. Asante kwa mlenda," alisema Mwalimu. "Mbona jana uliuacha mlangoni kama mwizi?"

Nilipiga magoti. "Mwalimu, hukusinzia," nikasema. "Akili yako ni nzima. Mimi ndiye niliyeruka. Kila palipokuwa na maelezo ya vitu niliruka, ili niwahi televisheni. Uliponiuliza nikakudanganya."

Upepo ulivuma, bati likagonga.

"Na kingine," nikasema. "Nilisema moyoni kwamba kipofu hatafaidi kitu."

Miriam ndiye aliyesema kwanza. "Kwa hiyo ulidhani letu ni giza tu?" Alisimama kwa hasira. "Nilichekwa na darasa zima, Naima! Nikamtetea Babu mpaka nikaonekana mjinga. Mimi sijawahi kuona jua, ni kweli. Lakini najua jioni inavyoingia ngozini. Najua moshi. Najua maziwa yaliyokaa kwenye kibuyu yanavyonukia kuliko wewe unavyojua! Nani alikutuma unichagulie?"

Nilisema tu, "Nisamehe, dada."

Mwalimu Gaudence alikuwa ameinamisha kichwa. "Umeniacha usiku kucha nijione nimerukwa na akili," alisema polepole. "Unajua usiku huo ulikuwaje?"

"Hapana, Mwalimu."

"Omba usijue." Kisha akanyoosha mkono kuelekea ndani. "Miriam, nitolee kitambaa kwenye mashine. Na wewe Naima, simama. Magoti hayaandiki kitabu. Unarudi shule lini, Miriam?"

"Jumapili ijayo, Babu."

"Siku nane. Twende kazini."

Kazi haikuwa rahisi, kwa sababu sikukumbuka kila nilipoiba. Miriam ndiye aliyepata njia. Alifungua juzuu la kwanza, akaanza kusoma kwa sauti kwa vidole vyake, nami nikafuata kwa macho kwenye kitabu changu, neno kwa neno. Kila alipopita pengo nilipaza sauti, "Hapa!" na yeye akachomeka kijiti cha kiberiti. Siku mbili za kwanza nilisema "Hapa!" mpaka nikachoka na sauti yangu mwenyewe. Vijiti vilifika arobaini na moja. Kila kimoja kilikuwa uongo wangu, kimesimama pale kinahesabika.

Siku ya tatu Mwalimu alianza kupiga. Nilisoma kila kitu: mawingu, ukuta, vumbi, unyoya wa kuku. Mahali pengine Miriam alinisimamisha. "Rudia hapo kwenye uzi." Nikarudia: "Mshono wa tatu ulikuwa mpya, uzi wake bado mweupe, haujaonja moshi." Miriam alisugua kidole gumba na kidole cha shahada, kama mtu anayeupapasa uzi wenyewe. Akasema, "Mpya bado unakwaruza. Ameushona juzi tu. Hajakata tamaa." Mimi mwenye macho nilikuwa sijaliona hilo.

Televisheni sikuikumbuka. Brightness alikuja kuniita mara moja, akaona tunavyofanya, akakaa, akawa anapanga karatasi.

Karatasi mpya zilipokamilika, hazikuwa na pa kukaa, maana majuzuu yalishafungwa. Mama yangu alikuja na shazia yake na uzi wa katani. Akanionyesha mara moja, kisha akaniachia. Nilizishona moja moja mahali pake, nikijichoma vidole, mpaka majuzuu yote matatu yakawa na mishono ubavuni. Hayakupendeza kwa macho. Mwalimu alipitisha kiganja juu yake, akaguna, lakini safari hii mguno haukuwa wa kuuliza.

Jumamosi jioni aliisoma sura ya mwisho yeye mwenyewe, kwa vidole vyake, sisi tukisikiliza. "Akakigeuza mikononi, akapapasa mishono yake mmoja baada ya mwingine. Akakitia maji. Hakikuvuja hata tone." Hakuuliza kibuyu gani. Alivua kofia, akaiweka gotini.

"Niliona miaka sita tu," alisema baadaye. "Mbuzi weupe, mchanga mwekundu, mama yangu akisimama mlangoni. Basi. Vingine vyote ninavyovijua nimevipata kwa watu walionisimulia bila kunipunja. Naima, nisikilize vizuri. Mwandishi hatii kibuyu kitabuni ili kujaza karatasi. Anakitia kibebe lile ambalo mama yule hakuweza kulisema kwa mdomo. Ukikitoa, umemziba mama yule mdomo. Anayemsomea mwenzake ameaminiwa, sawa na aliyetumwa maji na mgonjwa. Hana ruhusa ya kunywa njiani, wala ya kuamua kwamba mgonjwa hana kiu. Mwaminifu hutimiza kazi hata pale asipoonekana, na wewe hapa hukuonekana kabisa. Umekosa, umesema, umeshona. Sasa mshono huo usiufiche."

"Nimesikia, Mwalimu," nikasema.

Miriam alirudi shule na majuzuu yake. Mwezi wa kumi alipiga simu kwa babu yake, nami nilikuwapo. Alisema alimwomba mwalimu wao amuulize lile swali upya mbele ya darasa. Badala ya kujibu kwanza, aliwapitishia wenzake kitabu, wafumbe macho na kupapasa ubavu wake. Kisha akawaeleza kibuyu. Safari hii hawakucheka. Mtihani aliufaulu, na katika Kiswahili alipata alama ya juu.

Alipokuja likizo ya mwezi wa kumi na mbili aliniita, akafungua juzuu la tatu ukurasa wa mwisho kabisa. Akanishika kidole, akakiweka kwenye ule mstari wenye jina langu. Siku zote nilitamani ufutwe.

"Babu hakuufuta," alisema. "Ila siku ile ninaondoka aliongeza neno moja mwishoni. Mimi mwenyewe nilikuja kulikuta shuleni." Akakisogeza kidole changu polepole juu ya vidoti, akinisomea: "Kimesomwa kwa sauti na Naima Abbasi, darasa la sita. Chote."